Mlezi wa Kiota

Kisa ninachowaletea hakina jini wala mfalme, na wala hakijaisha. Nitakisimulia hadi pale kilipofika, kisha nitakiweka mbele yenu, kwa sababu mimi mwenyewe kimenishinda.

Walikuwepo watu watatu ambao hawajawahi kukaa chumba kimoja. Wa kwanza, Atupele, aliishi Mbeya, na kipaji chake kilikuwa kuanzisha. Angeweza kutazama lundo la vitu vilivyochakaa akaona ndani yake kitu kinachoweza kusimama. Wa pili, Khelef, mzaliwa wa Wete kule Pemba, aliishi nchi ya kaskazini ya mbali ambako wakati wa baridi jua huchomoza saa nne asubuhi. Kipaji chake kilikuwa wepesi. Hakuweza kuvumilia kitu kinachokwenda polepole ilhali kingeweza kwenda haraka. Wa tatu, Kokugonza, alifundisha fizikia katika sekondari moja wilayani Muleba. Yeye kipaji chake kilikuwa kutunza, yaani kuhakikisha kazi ya mtu haipotei.

Watatu hawa walitengeneza programu inayoitwa Kiota, na ili mnielewe, lazima kwanza niwaambie kilivyozaliwa.

Mbeya kulikuwa na taasisi ndogo ya utafiti wa mito na mvua. Ilikuwa na kompyuta thelathini na mbili, zote za mitumba, zilizounganishwa kwa nyaya ili zigawane hesabu kubwa kama watu wanavyogawana shamba moja la kulima. Taasisi hiyo ilikuwa pia na programu iliyothaminiwa kuliko kitu chochote mle ndani, ya kukadiria mafuriko ya Mto Msuvi. Iliandikwa na mtafiti aliyefariki miaka tisa iliyopita, naye aliiandikia kompyuta za wakati wake. Kompyuta zile zilipokufa, programu ikakataa kufanya kazi kwenye hizi za baadaye, na hapakuwa na mtu aliyeuelewa msimbo wake, yaani maagizo yaliyoiunda, kiasi cha kuthubutu kuugusa.

Atupele alikuwa fundi wa taasisi, wa mkataba wa miezi sita sita. Nusu ya kila mwezi alikuwa porini akirekebisha vipima mvua. Kwa sababu hiyo binti yake wa miaka tisa, Tumpe, alilelewa Songea na dada wa Atupele. Likizo moja alikwenda kumwona, akamsikia mtoto akimwita yule dada "mama." Yeye mwenyewe aliitwa "mama wa Mbeya." Alimsuka nywele, akamfulia sare, akapanda basi la kurudi. Tangu safari ile, chumba chake cha kupanga akakiona kikubwa mno, na jioni zake akazijaza kazi.

Kazi aliyoichagua ilikuwa kuunda mashine pepe. Mashine pepe ni kompyuta isiyo na mwili. Ni programu inayojifanya kompyuta nzima ndani ya kompyuta nyingine. Ukiiwekea programu ya kale, ile programu inaamini iko nyumbani kwake, kwenye mashine ileile iliyozaliwa nayo, na inafanya kazi bila wasiwasi. Programu za namna hiyo zilikuwepo duniani, lakini zilitaka kompyuta zenye nguvu kuliko zile za mitumba. Atupele akaandika yake, nyepesi, inayokubali hali ya umaskini. Ilimchukua miezi kumi na minne. Siku programu ya marehemu ilipofunguka ndani ya mashine pepe na kuandika mstari wake wa kwanza baada ya miaka mingi, watafiti wawili wazee waliofanya kazi na marehemu walitoka nje, wakasimama uani.

Aliiita Kiota, akaifanya huria. Yaani msimbo wake aliuweka wazi mtandaoni, yeyote asome, atumie, arekebishe, na marekebisho ayarudishe kwa wenzake.

Wiki ya tatu akapata ujumbe.

"Dada, nimekisoma Kiota chako chote. Ni kizuri, ila kinatambaa."

"Wewe ni nani?" Atupele akajibu.

"Mtu wa Pemba aliyekwama kwenye theluji."

Huyo alikuwa Khelef. Alikwenda ng'ambo kusoma, akamaliza, akapata kazi katika kampuni ya kompyuta, na miaka minane ikapita. Wadogo zake wote walimtegemea yeye, kwa hiyo kurudi bila kazi hakungewezekana. Kila Ijumaa baba yake, Mzee Nassor, alimtumia sauti kwa simu. Habari za mtaa, nani kaoa, nani kahama, karafuu zimekuwaje mwaka huu, na mwishoni swali lilelile, "Utarudi lini, baba?" Khelef alizihifadhi sauti zote. Kazini watu walishindwa hata kulitamka jina lake, wakalikata katikati, naye akaacha kuwasahihisha. Alipoona Kiota kimeandikwa maelezo yake kwa Kiswahili, aliyasoma mara mbili, si kwa kuwa hakuelewa.

Tatizo aliloliona lilikuwa hili. Kila neno ambalo mashine pepe moja ilitaka kuiambia nyingine lilipita kwanza kwa programu ya katikati, likasubiri zamu, ndipo likatoka. Kwa kazi ndogo hakuna shida. Lakini hesabu ya mafuriko ilihitaji mashine pepe zote zisemezane mara mamilioni, na kila neno likisubiri kidogo, siku zinakwisha. Kadirio moja lilichukua siku nne. Khelef akaifungulia kila mashine pepe njia yake ya moja kwa moja hadi kwenye waya. Alishindwa mara tatu, na mara moja aliangusha kompyuta zote thelathini na mbili kwa pamoja, akaomba radhi kwa barua ndefu kama ya posa. Mwezi wa kumi na moja akafaulu. Siku nne zikawa saa ishirini na sita.

Kokugonza aliingia baadaye, na aliingia kwa kulalamika.

"Kazi yenu nzuri," aliandika, "ila umeme ukikatika saa ya ishirini na tano, mnaanza upya. Mimi nimepoteza kazi namna hiyo mara nyingi."

Alikuwa na miaka hamsini na sita. Alipohitimu chuo kikuu alipewa nafasi ya kuendelea na utafiti wa fizikia, na barua ya kuipokea alikuwa ameshaiandika. Kabla hajaituma baba yake akafariki, akaacha wadogo watano. Kokugonza akachukua ualimu ili awasomeshe. Wote wakasoma, wakaenda zao. Yeye akabaki kufundisha sura zilezile kwa miaka thelathini, akisoma majarida ya utafiti ya zamani aliyoyaomba huku na huku, kama mtu anayepita kila siku mbele ya nyumba aliyonyimwa kuingia. Shule ilipopewa kompyuta alijifundisha kuandika programu, na umeme wa pale ukamfundisha mengine.

Alichotaka kilikuwa kigumu. Alitaka hesabu ikiwa inaendelea, Kiota kinakili hali ya mashine pepe zote kwa mpigo mmoja, na kompyuta moja ikifa, mashine pepe yake iamke kwenye kompyuta nyingine na kuendelea pale ilipokuwa. Ugumu wake ulikuwa yale maneno yaliyo njiani, yaliyokwisha kutumwa lakini hayajapokelewa. Ukinakili bila hayo, nakala ni ya uongo. Na njia za moja kwa moja za Khelef zilifanya maneno hayo yasionekane.

"Mwanangu, wepesi wako unanisumbua," alimwandikia.

"Shikamoo, Mwalimu. Nikiupunguza, turudi siku nne?"

"Sijasema upunguze. Nimesema unanisumbua."

Walibishana miezi mitano. Kokugonza hakuwa na kompyuta ya nyumbani, kwa hiyo alifikiri kwa kalamu. Alimaliza madaftari saba. Hatimaye akapata njia ya kuzifunga njia zote zile kwa muda mfupi kuliko kupepesa jicho, maneno yote yafike, nakala ichukuliwe, kisha njia zifunguliwe. Khelef aliipima, akakuta hesabu nzima imechelewa kwa dakika nne tu. Akamwandikia maneno mawili, "Nimenyamaza, Mwalimu."

Hivyo ndivyo Kiota kilivyokamilika. Sasa sikilizeni kilichotokea mwezi Machi.

Jumatatu ile mvua ilinyesha milimani kama haijawahi, na Mto Msuvi ukaanza kupanda. Bondeni kulikuwa na kijiji cha Lusungwe, kaya mia nne na kumi na mbili. Wana Lusungwe walizoea mafuriko. Maji yakija, walikimbilia kilima cha shule, upande wa mashariki. Jumanne saa tatu asubuhi Atupele aliwasha hesabu, watafiti wakaingiza vipimo vya mvua, na mashine pepe zikaanza kusemezana.

Jumatano saa mbili asubuhi kiyoyozi cha chumba cha kompyuta kikafa. Joto likapanda, na kompyuta zikaanza kujizima zenyewe, moja, tatu, saba. Atupele alifungua madirisha na milango yote, akawapigia simu wenzake wawili. Ilikuwa mara ya kwanza kwa watatu hao kusikilizana sauti kwa pamoja.

"Zimekufa kumi na moja," Atupele alisema. Alikuwa akihema.

"Nazitazama kutoka huku," Khelef akasema. "Mashine pepe zake zinahama. Mwalimu, zinahama kweli."

Kokugonza alikuwa kwenye korido ya shule, darasa la kidato cha tatu likimsubiri. "Usiziguse," alisema. "Atupele, mwanangu, kaa mbali na kibodi. Ziache zitafute mahali."

Wakasubiri wote watatu, simu zikiwa wazi. Baada ya dakika sita mashine pepe zote zilikuwa zimeamka kwenye kompyuta zilizobaki, zimebanana, zinaendelea na hesabu. Saa saba mchana jibu likatoka. Safari hii maji yangepita nyuma ya shule. Kilima cha mashariki kingezingirwa na kuzama nusu. Watu waende magharibi, kwenye mteremko wa mnada wa ng'ombe.

Mtendaji wa kijiji alipopigiwa simu aliuliza mara mbili kama wana uhakika, kwa maana watu walikwisha kuanza kupeleka mizigo shuleni. Akaambiwa wana uhakika. Jioni ile watu walihama kwa manung'uniko, wakibeba watoto na kuku. Alfajiri ya Alhamisi maji yakafika, na kule shuleni yakapanda hadi kwenye madirisha ya madarasa. Mbuzi walipotea na mashamba yakaenda, lakini hakuna mtu aliyekufa.

Habari zikasambaa. Taasisi nyingine za utafiti zikaanza kutumia Kiota, za hali ya hewa, za mbegu, za magonjwa ya mifugo. Na programu inayotegemewa na wengi inahitaji mtu wa kuiangalia kila siku. Mkurugenzi wa taasisi, Dakta Mwasaga, aliomba nafasi za ajira kwa miezi mingi. Akapewa moja. Mlezi wa Kiota, ajira ya kudumu, Mbeya, pamoja na nyumba ya taasisi yenye vyumba viwili na meza katika maabara. Haikuweza kugawanywa nusu wala kushikwa kwa zamu, na umri haukuwa kizuizi.

Wote watatu waliiomba.

Dakta Mwasaga aliongea na kila mmoja peke yake, na mimi nimeyasikia kwake.

Khelef alizungumza naye kwa video, nyuma yake dirisha jeupe. "Dakta, baba yangu ana presha ya macho. Jicho moja limeshakwenda. Anasema hataki kitu kutoka kwangu isipokuwa kuniona uso kabla la pili halijafunga. Nikipata nafasi hii, naweza kuja naye Mbeya, au niwe nakwenda kwake kila likizo. Lakini nataka kusema na langu pia. Nimechoka kuwa mgeni. Nataka nikikohoa mtu aniambie pole."

Kokugonza alisafiri hadi Mbeya kwa basi, siku mbili, akavaa kitenge kipya. Alipoonyeshwa chumba cha kompyuta alisimama mlangoni muda mrefu. "Nimebakiza miaka minne ya utumishi," alimwambia Dakta. "Sitakudanganya kwamba ni mingi. Lakini nimeisubiri meza kama ile tangu nina miaka ishirini na minne. Nilikuwa nawaambia wanafunzi wangu watafiti wanavyoishi, na kila nikisema najisikia naongelea watu walionisahau."

Wa mwisho alikuwa Atupele. Mkataba wake ulikuwa unaisha mwezi ule, na haukuwa na wa kuufuata. Alikaa kwenye kiti, mikono mapajani. "Nyumba ina vyumba viwili," alisema. "Tumpe ana miaka kumi na miwili sasa. Nikienda kutafuta kazi mji mwingine, atakuwa mkubwa kabla sijamjua. Si kwamba dada hamlei vizuri. Anamlea vizuri mno, ndiyo maana naogopa."

Dakta Mwasaga aliwauliza wote swali moja la mwisho. Kama si wewe, apewe nani?

Khelef alijibu bila kusita, "Mwalimu. Mimi nina miaka mingi mbele, yeye hana." Kisha akageuza uso kutoka kwenye kamera.

Kokugonza alifikiri kidogo. "Atupele. Mtoto hasubiri."

Atupele akasema, "Sitataja, Dakta. Nawapenda wote wawili, na bila wao Lusungwe wangezama. Lakini nikitaja jina nitakuwa naongopa. Naitaka mimi."

Dakta Mwasaga akarudi ofisini kwake, akajaribu kuamua kwa haki. Akajiambia aache mambo ya machozi, apime kazi tu. Akaona kwamba bila Atupele programu ya marehemu isingefunguka kamwe, na hao wengine wawili wasingekuwa na cha kurekebisha. Akataka kuandika jina lake. Akakumbuka kwamba bila Khelef jibu lingetoka Jumamosi, siku mbili baada ya maji. Akaweka kalamu chini. Akakumbuka kwamba bila Kokugonza, saa ile kiyoyozi kilipokufa yote yangepotea, wepesi na mwanzo pamoja, na watu wangekwenda kwenye kilima kilekile walichokizoea. Kwa kazi, hakuweza kumtoa mmoja bila kuiona Lusungwe chini ya maji.

Basi akajaribu kupima haja. Akakuta baba anayepofuka, na mwanamke aliyengoja miaka thelathini na miwili, na mtoto anayekua akimwita mtu mwingine mama. Akaona aibu hata kuwalinganisha.

Akajaribu pia kupima roho zao. Wawili walimtaja mwingine, mmoja alijitaja mwenyewe. Wapo watu ofisini waliosema hilo peke yake linatosha kumtoa Atupele, kwa sababu aliyekataa kuwapisha wenzake hafai kulea kitu cha watu wote. Wengine wakasema yeye ndiye pekee aliyesema kweli yote, na kwamba mtu aliyekitoa Kiota bure kwa dunia nzima hawezi kuitwa mchoyo kwa kukitaka chumba kimoja cha mwanawe.

Barua imeshachapwa. Ina tarehe, ina muhuri, ina sahihi. Palipo na jina pako wazi, na Jumatatu lazima iondoke. Kule kaskazini Khelef anaiweka simu karibu hata akiwa anaoga. Muleba, Kokugonza amerudi darasani, anafundisha mawimbi, na katikati ya sentensi hugeuka akatazama mlango. Mbeya, Atupele amekwenda mara mbili kuitazama ile nyumba kwa nje, akahesabu hatua kutoka chumba kimoja hadi cha pili akichungulia dirishani.

Mimi nimeishia hapo. Wasikilizaji wangu, ninyi mliowasikia wote watatu kama nilivyowasikia mimi, hebu shikeni ile kalamu. Nani aandikwe? Na huyo mtakayemwandika, mtawaambia nini wale wawili watakaobaki?